Mafunzo ya Pamoja ya Mapigano ya Msituni: Saa, Ramani, Risasi na Machela

Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki, eneo la Beni mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa, na wanajeshi 15 wa Tanzania waliokuwa wakilinda amani chini ya Umoja wa Mataifa wakapoteza maisha. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliofuata ulitaja mapengo katika mafunzo, matatizo ya uongozi, upungufu wa ndege, wahandisi na taarifa za kijasusi, na kukosekana kwa mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu au kuwaondoa walioshambuliwa. Novemba 2018, katika operesheni nyingine huko huko Beni, askari Chancy Chitete wa Malawi alimvuta Koplo Ali Khamis Omary wa Tanzania kutoka kwenye moto wa adui na kuanza kumhudumia, kisha yeye mwenyewe akapigwa na kufa. Mwaka uliofuata Brazili ilipeleka Beni timu ya wakufunzi 13 wa mapigano ya msituni kuwanoa askari wa Brigedi ya FIB, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kuingilia kati mapigano huko Kongo, iliyoundwa mwaka 2013 kwa vikosi vya Tanzania, Malawi na Afrika Kusini.

Mwongozo huu umefuata mfano huo: wakufunzi wa jeshi moja, wanafunzi wa majeshi mawili au matatu, msitu wa ikweta, na Kiswahili kikiwa lugha ya baadhi tu. Nguo huanza kuchanika kwenye mshono, na kikosi cha mataifa mengi ni hivyo hivyo. Ndiyo maana kurasa nyingi hapa zinahusu mishono: saa, ramani, maneno, risasi na majeruhi. Ufundi wa kuishi msituni majeshi mengi hufundishana haraka.

Ukubwa na muda

Kundi la kufaa ni wanafunzi 36 hadi 40, yaani platuni moja, pamoja na wakufunzi 8 hadi 10, daktari au tabibu mmoja, waganga wa kijeshi wawili, na timu ya redio. Ukizidisha hapo, mkufunzi hawaoni tena watu wake, kwa sababu msituni jicho hufika mita 10 hadi 30 tu. Changanya mataifa kuanzia ngazi ya seksheni (kundi la askari kama 10), lakini wawili wawili wanaolala na kulinda pamoja wawe na lugha moja ya kuelewana. Kuchanganya hadi ngazi ya wawili kabla ya wiki ya tatu huleta picha nzuri na kazi mbaya.

Panga siku 28. Wiki ya kwanza ni ya kuzoea joto na kusawazisha taratibu. Ya pili ni ya mtu mmoja mmoja: kambi, dira, maji, huduma ya kwanza. Ya tatu ni ya seksheni: doria, kuvizia, kuvunja mapambano (kujinasua kwenye moto wa adui), kubeba majeruhi. Ya nne ni zoezi la siku 5 mfululizo, kisha siku 2 za kusafisha, kuhesabu na kupimwa afya. Kozi ya siku 10 inayojaribu kubeba yote haya huishia kuwafundisha watu kuvumilia tu.

Kabla ya hapo, wiki 6 hadi 8, wakuu wa zoezi wakutane na watie saini mambo manne: nani anaamuru, sheria ya nchi gani inamhusu askari akikosea, nani analipa shamba likiharibiwa, na nani ana haki ya kusimamisha zoezi. Jibu la swali la mwisho ni kila mtu, hata askari wa cheo cha chini kabisa. Ongeeni pia na wenye vijiji, wenye mashamba, wachoma mkaa na mamlaka ya hifadhi. Mwenyekiti wa kijiji anayejua tarehe na mipaka ya zoezi atawaambia watoto wasikaribie. Asiyejua atawapokea askari kama wavamizi, na msituni mashariki mwa Kongo watu wana sababu nzuri ya kukimbia sare yoyote.

Saa

Hapa ndipo wageni na wenyeji hupotezana kwanza. Mtanzania akisikia "saa kumi na moja" huenda akaelewa 5:00 asubuhi au 5:00 jioni, ilhali Mmalawi anaona 11:00 kwenye saa yake. Isitoshe, Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa 3 mbele ya saa ya dunia, wakati Beni, Malawi na Afrika Kusini ziko saa 2 mbele. Kikosi kinachotoka Dar es Salaam na kusahau kurudisha saa nyuma kitafika mahali pa mkutano saa nzima mapema na kukaa peke yake kwenye njia.

Kanuni ni moja. Muda wote wa kazi huandikwa na kutamkwa kwa tarakimu nne na herufi ya kanda: B kwa saa ya Beni, C kwa saa ya Afrika Mashariki. Tarehe ikitangulia, 051630B ni siku ya 5, saa 16:30 ya Beni. Maneno "saa kumi na nusu" yabaki kwenye mazungumzo ya chai. Kila alfajiri mtu mmoja asawazishe saa za wote. Saa ya simu isiaminiwe: karibu na mpaka simu hushika mtandao wa Uganda na kuruka saa nzima bila kumwambia mwenyewe.

Kuna mtego mkubwa zaidi ndani ya saa. Majeshi mengi hutaja mwelekeo kwa uso wa saa: kumi na mbili ni mbele, tatu ni kulia, tisa ni kushoto. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, saa tatu ni pale mshale mfupi unapoonyesha 9. Kwa hiyo amri ya "adui, saa tatu" inaweza kuwageuza watu wawili walio bega kwa bega pande mbili kinyume. Pigeni marufuku mwelekeo wa saa. Tumieni mkono kuonyesha, au digrii za dira.

Maneno

Tengenezeni kadi ngumu ya ukubwa wa kitambulisho, iliyofunikwa plastiki, yenye maneno yasiyozidi 25 katika lugha za wote waliopo: Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa, na Kireno kama wakufunzi ni Wabrazili. Maneno 25 yanayojulikana kweli yanafaa kuliko 100 yaliyoandikwa.

Neno "piga" linahitaji ulinzi maalumu. Katika Kiswahili cha kila siku tunapiga simu, tunapiga kambi, tunapiga kona, tunapiga picha. Mgeni aliyefundishwa kwamba "piga" ni fyatua risasi atalisikia mara 50 kwa siku. Hatari halisi ni hii: amri ya "acha kupiga", ikimezwa nusu na kelele, hubaki "piga". Amri ya kusitisha moto iwe SITISHA, ifuatwe na filimbi ndefu tatu, na neno "piga" lisitumike redioni kwa jambo jingine lolote. Kwa Wakongo, kumbukeni kwamba wengi hutaja tarakimu kwa Kifaransa wanapokuwa na haraka, na mkono wa kulia kwao mara nyingi ni mkono wa kuume. Kwa hiyo namba za gridi, zile za kutaja mahali kwenye ramani, zitamkwe tarakimu moja moja na mpokeaji azirudie zote.

Chagueni pia neno moja la majeruhi wa kweli, tofauti na majeruhi wa zoezi. "Kweli kweli kweli" linafanya kazi vizuri kwa sababu halitamkwi kwa bahati mbaya mara tatu. Likisikika, kila bunduki inatazama chini na zoezi limekwisha hadi daktari aseme.

Ishara za mikono 12 zinatosha. Zijaribuni jioni mwanga unapofifia, si uwanjani mchana. Ishara nyingi zinazoonekana vizuri kwenye gwaride hupotea kabisa chini ya miti.

Ramani

Ramani za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda za kipimo cha 1:50,000 zilijengwa juu ya msingi unaoitwa Arc 1960. Vifaa vya GPS na ramani za Umoja wa Mataifa hutumia WGS84. Tofauti kati ya hizo mbili katika ukanda wetu ni takriban mita 300 kaskazini na kusini. Kwenye nyika mita 300 unazirekebisha kwa macho. Msituni ni bonde jingine, na kwa anayeomba msaada wa mizinga ni msiba.

Kipimo chake ni rahisi. Pigilieni kigingi uwanjani, mkusanye GPS zote za majeshi yote, kila moja isomwe juu ya kigingi hicho. Zikipishana chini ya mita 20, endeleeni. Moja ikiwa mbali kwa mita 300 hivi, imewekwa kwenye Arc 1960. Irekebishwe hapo hapo na ibandikwe karatasi ya kuonyesha imekaguliwa.

Beni ina ugumu wake wa ziada. Mstari wa longitudo 30 mashariki, ulio karibu na mpaka wa Uganda, ndio unaotenganisha kanda ya 35 na ya 36 za gridi, na ikweta haiko mbali upande wa kusini. Ukitaja gridi ya tarakimu 6 bila kanda, sehemu mbili tofauti zinaweza kuwa na namba ileile. Tajeni kamili: 35N au 36N, na kusini mwa ikweta 35M, kisha herufi mbili za mraba, kisha tarakimu.

GPS husuasua chini ya miti minene na betri huisha, kwa hiyo dira na hatua vinabaki kazi kuu. Kila mwanafunzi apimwe hatua zake za mita 100 ndani ya msitu wenyewe, si barabarani. Mtu anayetumia hatua mbilimbili 62 kwenye lami anaweza kufikia 80 au zaidi kwenye mizizi na matope. Wawekeni wahesabu hatua wawili kutoka majeshi mawili tofauti, wasiambiane, kisha chukueni wastani. Wakitofautiana zaidi ya mita 30 katika kila 300, simameni na muangalie vijito kabla ya kusonga.

Msitu mkubwa wa zamani, wenye kivuli kizito na ardhi wazi chini, unaruhusu hadi kilomita 1 kwa saa. Kichaka kilichoota baada ya msitu kukatwa hukupa mita 500 ukijitahidi, na kinamasi mita 100 hadi 300. Mpangaji aliyezoea nyika ya Monduli au Isiolo karibu kila mara huandika umbali mara tatu ya unaowezekana. Matokeo yake ni seksheni inayokimbilia kwenye njia za wanakijiji ili iwahi, na njia ndiko unakoviziwa.

Ukilenga daraja au makutano kwenye kijito, usilenge palepale. Elekea makusudi mita 150 upande mmoja, kwa mfano kaskazini, ili ukifika majini ujue bila ubishi kwamba unageukia kusini.

Risasi

Afrika Kusini hubeba R4 ya milimita 5.56, bunduki nyingi za familia ya AK ni za 7.62 kwa 39, na wakufunzi waweza kuja na silaha nyingine kabisa. Magazini hazibadilishani, na risasi baridi (za mazoezi, zisizo na kichwa) za jeshi moja hazifai kwa jingine. AK nyingi hazina kifaa cha mdomo wa mtutu cha risasi baridi, kwa hiyo hazijirudishi zenyewe na askari hulazimika kuzikoki kwa mkono kila mara. Jueni hilo kabla ya zoezi. Vinginevyo seksheni moja itapiga na nyingine itakuwa inapambana na mkono wa bunduki.

Risasi baridi na risasi za moto zisiwe katika kambi moja siku moja. Magazini za moto zifungwe utepe mwekundu, za baridi utepe wa njano. Kila asubuhi sajini wa jeshi A anakagua bunduki, magazini na mifuko ya askari wa jeshi B, na wa B anakagua wa A, kila mmoja akiweka saini. Watu hukwazika mwanzoni, wakiona kama hawaaminiwi. Elezeni mapema kwamba ndugu hukaguana kwa sababu jicho la mtu limezoea mfuko wake mwenyewe. Risasi baridi nayo huumiza karibu: hakuna kumlenga mtu aliye ndani ya mita 10.

Njia ya kufyatulia risasi za moto msituni iwe na urefu wa mita 100 hadi 150, shabaha 6 hadi 8 zilizofichwa nusu kwa majani, umbali wa mita 10 hadi 25, zikinyanyuliwa kwa kamba. Mkufunzi mmoja nyuma ya kila mwanafunzi, mkono ukifika begani. Anza bila risasi, kisha risasi baridi, kisha moto. Kosa la kawaida ni kupiga juu: jicho hushikwa na majani yaliyo mbele, mtutu huinuka. Fundisha kutazama kupenya majani, kutafuta kivuli, mstari ulionyooka au mng'ao, na kulenga chini kidogo kuliko moyo unavyotaka. Wawili wawili huingia pale tu kila mmoja amefaulu peke yake mara mbili.

Joto, maji na homa

Asiyezoea joto la unyevu huhitaji siku 10 hadi 14. Askari wa Afrika Kusini anayefika Juni au Julai ametoka kwenye baridi. Wa nyanda za juu za Iringa naye hajazoea. Siku ya kwanza ni mwendo wa saa 1 asubuhi bila mzigo. Ongeza nusu saa kila siku, mzigo wa kilo 10 uingie siku ya 4, kilo 20 siku ya 8. Anayeugua kuhara au aliyekosa usingizi arudishwe hatua mbili nyuma.

Maji ya kunywa yasizidi lita 1.4 kwa saa na lita 11 kwa siku. Mkufunzi anayewalazimisha watu kunywa bila kikomo anaweza kuua kwa kushusha chumvi mwilini. Dalili zake, kichefuchefu, kuumwa kichwa na kuchanganyikiwa, hufanana na za joto, na maji zaidi huzidisha. Chakula chenye chumvi kiliwe hata kama hamu haipo. Maji ya kijito yachujwe kwa kitambaa kwanza, kisha yawekwe vidonge vya klorini kwa kipimo cha pakiti na kusubiriwa dakika 30. Vidonge kwenye maji ya matope havifanyi kazi yake, kwa kuwa klorini huliwa na uchafu.

Askari akianza kuongea ovyo, kuyumba au kuzimia kwenye joto, mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Mlaze kijitoni watu wawili wakimshika kichwa na mabega, au mmwagieni maji mfululizo huku mkimpepea. Dakika 20 za kumpoza palepale zina thamani kuliko dakika 20 za machela.

Kuhusu malaria, wenyeji ndio hukaidi zaidi. Kinga anayoijenga mtoto wa Kigoma au Muheza hupungua akiishi miaka kadhaa mahali pasipo na mbu wengi. Wote wameze dawa ileile ya kinga. Kama ni doksisaiklini, ni miligramu 100 kila siku, baada ya chakula cha asubuhi, kwa maji ya kutosha, bila kulala chini mara moja kwa sababu huunguza koo. Huanza siku 1 au 2 kabla na huendelea siku 28 baada ya kutoka. Wengi huacha siku wanapopanda ndege, na homa huwakuta nyumbani. Sare na vyandarua viwekwe permethrini, dawa ya kuua mbu, kabla ya safari, na cheti cha homa ya manjano kikaguliwe wiki 4 kabla, kwani chanjo huhitaji siku 10.

Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri ulidumu kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020. Katika ukanda kama huo somo la kujitafutia chakula lifanyike kwa kuku na mbuzi walionunuliwa sokoni na kukaguliwa. Nyamapori, popo na mizoga visiguswe hata kwa maonyesho.

Kambi ya usiku

Chini ya miti giza huingia nusu saa kabla ya jua kuzama. Kwa saa ya Beni hiyo ni 17:30B, hivyo doria isimame 15:30B. Kabla ya kufunga bembea ya kulalia tazama juu. Tawi kavu na mti uliooza huumiza watu wengi msituni, na huanguka usiku wa mvua bila kutoa mlio wa kuonya. Chagua miti hai yenye unene wa paja, tikisa, subiri. Usifunge chini ya mwinuko wa mto hata kama mchanga unapendeza. Mvua ya mbali hupandisha maji saa chache baadaye.

Kila mtu awe na seti mbili za nguo: ya maji na ya kavu. Ya kavu hukaa ndani ya mifuko miwili ya plastiki na huvaliwa kitandani tu. Alfajiri unarudi kwenye ile iliyoloa, baridi na yenye harufu. Hapa ndipo nidhamu huonekana. Anayevaa kavu asubuhi, jioni atakuwa na seti mbili zilizoloa na miguu itaanza kuoza siku ya tatu. Miguu ikauke na kupakwa poda saa zisizopungua 6 kwa siku.

Panga liwe na kamba ya mkononi, na kati ya mkataji na anayemfuata pawe na mita 3. Lakini kwenye doria panga hupiga kelele na kuacha alama nyeupe ya miti. Mkasi wa kupogolea miti, ule wa bustani, hukata mwiba kimya kimya. Kila mtangulizi awe nao.

Redio

Redio ya upepo ya mkononi inayofika kilomita 5 kwenye uwazi yaweza kushindwa kilomita 1 chini ya miti iliyoloa. Kwa makao makuu tumia masafa mafupi ya HF na waya uliolazwa mlalo kati ya miti, mita 3 hadi 5 juu ya ardhi, ili mawimbi yapande moja kwa moja na kurudi. Urefu wa waya wote kwa mita ni 142.5 gawanya kwa megahezi: kwa 5 ni mita 28.5, yaani 14.25 kila upande. Mchana jaribu 5 hadi 8, usiku shuka hadi 3 au 4. Redio za siri za majeshi tofauti hazisomani, kwa hiyo badilishaneni mtu na redio yake: fundi mmoja wa kila jeshi akae na kamanda wa jeshi jingine.

Vikosi viwili vikikutana msituni, kimoja kikae na kimoja kisogee. Kamwe visisogee vyote. Anayekuja ajulishe redioni, asimame mita 100 mbali, atume watu wawili bila vifuniko vya kichwa, neno la siri litamkwe, ndipo wengine wafuate kwa kuhesabiwa.

Majeruhi

Umoja wa Mataifa umeweka lengo la 10-1-2: huduma ya kuokoa maisha ndani ya dakika 10, matibabu ya juu ndani ya saa 1, upasuaji ndani ya saa 2. Msituni lengo hilo hufa kwenye machela. Mtu mmoja aliyelazwa huhitaji wabebaji 8 wanaopokezana wanne wanne, wawili wa kufungua njia, na wengine wa kulinda. Seksheni ya watu 10 yenye majeruhi mmoja haipigani tena. Kilomita 1 kwenye kichaka inaweza kula saa 3 hadi 4.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya wiki ya pili wapeni mtu wa kilo 80 kwenye machela, mita 500 za msitu halisi, saa ikihesabiwa. Wabebaji wawe wa majeshi yote, na amri ya kunyanyua iwe moja. Muda utakaopatikana, ulinganisheni na umbali kwenye ramani: mtaona ni wapi hamna haki ya kwenda bila mpango mwingine. Katika wiki mbili za kwanza zoezi lisiende zaidi ya kilomita 1 kutoka barabarani au mahali pa kutua helikopta.

Mahali hapo pakatwe na pakaguliwe na rubani kabla ya zoezi. Rafadha ya helikopta ya Mi-17 ina kipenyo cha mita 21, na ukiongeza nafasi ya usalama unahitaji uwazi wa mita 50 kwa 50, visiki vimekatwa usawa wa ardhi, upande mmoja ukiwa wazi wa kuingilia. Chenso na watu 10 wanaweza kulifanya kwa siku. Majeruhi akiwa anavuja damu, hamtakuwa na siku hiyo nzima. Hali ya hewa ya mchana hufunga mara nyingi, kwa hiyo gari na boti ziwepo pia kwenye mpango.

Chitete na Omary walikuwa wa majeshi mawili. Bandeji na mkanda wa kubana damu vikae mahali pamoja kwa kila mtu wa kila jeshi, kwa mfano nyonga ya kushoto, ili mkono wa mgeni uvipate gizani. Huduma hutumia mkanda wa majeruhi mwenyewe, na wako unabaki kwako. Muda wa kufunga uandikwe kwenye paji la uso kwa kalamu isiyofutika, kwa tarakimu nne na herufi ya kanda, kwa sababu baada ya saa 2 misuli huanza kufa. Kundi la damu na mzio viandikwe kwenye utepe ndani ya buti. Na mkubaliane mapema nani anaruhusiwa kuchoma sindano ya maumivu. Sheria za majeshi hutofautiana, na ubishi huo haufai kufanyika juu ya machela.

Siku 5 za mwisho

Zoezi la mwisho libebe angalau majeruhi mmoja wa ghafla usiku, kikosi kimoja kilichokatika mawasiliano, na ombi la nguvu za ziada kutoka kambi iliyoshambuliwa. Hilo la tatu lisiachwe kwa sababu ya uchovu. Kikosi cha kuongeza nguvu kitoke kweli, kwa njia isiyokuwa ile ya kila siku, na muda tangu ombi la kwanza hadi mtu wa kwanza kufika uandikwe. Ukizidi ule uliokubaliwa kwenye mpango, mpango ubadilishwe palepale: kambi isogezwe, au kikosi cha akiba kisogezwe.

Siku ya 27 kila magazini, redio, dira na kopo la poda vihesabiwe na sajini wa jeshi jingine. Siku ya 28 tabibu apime kila mtu miguu, ngozi na uzito, atoe vidonge vya siku 28 zilizobaki mkononi mwa askari mwenyewe, pamoja na karatasi iliyo katika lugha yake inayosema: ukipata homa ndani ya miezi 3, nenda hospitali siku hiyohiyo, mwambie daktari ulikuwa msitu gani na tarehe zipi.